Sahani za Mama Rosalie

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025. Mvua nyembamba ilinyesha tangu alfajiri, bila upepo. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, haikuonekana.

Ndiyo siku tuliyogundua kwamba Mama Rosalie alikuwa akishinda na njaa.

Hapa Kashikishi wengi wanamfahamu. Alivuka ziwa kutoka Congo wakati wa vita, mtoto mgongoni. Sala alifundishwa na nyanya yake kule Pweto wakimenya mihogo; ukikosea Salamu Maria, nyanya alikupa muhogo mwingine wa kumenya. Parokiani hapa aliingia kwaya, akaimba Kibemba kabla hajajua kukisema. Baadaye akawa mama wa ubatizo kwa watu wazima, kisha akajiunga na kundi letu la kutembelea wagonjwa. Mzee Ngosa, mvuvi, alizoea kukicheka Kiswahili chake sokoni. Alipopooza, Rosalie ndiye aliyemwogesha kila Alhamisi mpaka Mungu alipomchukua.

Niliwahi kumuuliza moyo ule aliupata wapi. Akasema kwa Kiswahili chake cha Congo, "Nyanya alinianzisha tu. Bagonjwa njo balinifundisha ile ingine."

Mwezi wa kwanza aliteleza kwenye tope la shamba lake, akavunjika mguu. Hospitalini walimfunga plasta, akarudi nyumbani. Binti yake anaishi mbali, Ndola, kwa hiyo kundi letu lilipanga zamu za kumpelekea chakula. Mwanzoni alipokea vizuri. Halafu kila aliyefika alijibiwa kutoka ndani, "Aksanti, mama, nimekwisha kula." Tuliamini. Kila mmoja alidhani mwenzake ametangulia.

Jumamosi ile Esnart, jirani yake, alikwenda na bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, nami nikamfuata na kuni. Mvua ilikuwa imetulowesha, basi Esnart akasukuma mlango bila hodi. Rosalie alikuwa kitandani, mashavu yamebonyea. Esnart akafunua chungu: kikavu, na buibui ametandaza utando wake humo. Kando ya chungu palikuwa na sahani zetu za siku za kwanza, zimeoshwa, zimepangwa.

"Awe, hapana, Mama Rosalie!" Esnart akasema. "Unakula na nani? Na huyu buibui?"

Rosalie akageukia ukuta.

"Na sahani zetu? Unafungua duka?"

"Nitarudisha aje?" Rosalie akasema. "Kwetu sahani ya mutu hairudi bule. Unatia ata muhogo moja, ata chumvi. Sasa miye sina kitu, na mguu haiendi shamba. Nikipokea ingine, haya inazidi."

"Kwa hiyo afazali ukufe?"

Esnart akaketi ukingoni mwa kitanda, sauti ikashuka.

"Mukwai, tafadhali, nikuulize. Ulipokuwa unaogesha Mzee Ngosa, alikutilia nini mu beseni?"

Mvua ililia juu ya mabati.

"Hakuna," Rosalie akasema. "Alikuwa analia tu."

"Na Alhamisi ingine ulirudi?"

"Nilirudi."

"Basi na weye lia kidogo, tukupe bukari."

Rosalie alicheka, na kicheko chenyewe kikamtoa machozi. Tukamwinua, tukamwegemeza kwenye mto. Samaki hawakuwapo, maana ziwa bado lilikuwa limefungwa kwa wavuvi ili samaki wazaane, lakini sombe ile aliila polepole mpaka mwisho. Esnart akanyoosha mkono kuchukua sahani. Rosalie aliishikilia kwa muda, akaitazama ilivyokuwa tupu, kisha akaiachia.

"Uso inaniwaka," akasema.

"Itapoa."

Tulisali fungu moja la rozari, yeye kwa Kiswahili, Esnart kwa Kibemba, wakimaliza kwa pamoja kila mara. Niliondoka na sahani zote chini ya kitenge. Miaka yote hiyo nimemwona Rosalie akitoa, na nimejifunza mengi kwake. Lakini siku hiyo nilimwona akipokea, na namshukuru Mungu kwamba mvua ilimsahaulisha Esnart kubisha hodi.

Kesho yake, Dominika, kabla ya kengele ya Misa, Rosalie alijikokota mpaka mlangoni, akakaa kwenye kiti na mguu wake mbele, akaita kupita ua wa matete:

"Esnart weee! Leta maji ya moto, kuya uniogeshe. Na harakisha, nanuka!"