Lango Lililojazwa Welding

Mjane mmoja wa kando ya ziwa aliniita kutoka karakana yangu ya Kibuye nimtengenezee lango kabla ya mazishi ya mumewe. Alitaka kitu kimoja tu: mwenye boma aingie kwake kwa lango lake, si kwa pengo la ua kama mwizi wa kuku.

Siku moja kabla ya mazishi, lango lilikuwa limesimama, limefungwa, limenyooka. Nilikuwa nimechomelea vipande vifupi, hapa kidogo, kule kidogo, nikiacha chuma kipoe. Chuma hutanuka kwa moto na kujivuta kikipoa. Ukikichoma mfululizo upande mmoja, kitapinda huko huko.

Ndipo akaja mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtu wa suti ambaye sidhani amewahi kushika hata kisu cha kukatia sukuma wiki. Akapapasa nafasi kati ya vipande nilivyochomelea kama daktari.

“Fundi, hii umerukaruka. Watu ya Nairobi watasema stima ilituishia?”

“Mzee, ikijazwa itapinda.”

“Chuma ni chapati ipinde? Jaza yote.”

Kwetu mwenyekiti wa kamati ya mazishi hapingwi, hata akiamua jua lichomoze upande wa Busia, kule linakotua. Nikajaza kutoka juu hadi chini bila kupumzika, naye akalimwagia maji kwa ndoo ili lipakwe rangi haraka. Nikarudi zangu nyumbani Migosi.

Asubuhi nilirudi kwa mazishi; gari la maiti lilipofika, komeo lilikuwa limebanwa na kona ya chini imechimba udongo. Mwenyekiti alisukuma kwa bega, akaondoka na rangi mbichi kwenye suti. Nilimcheka kimoyomoyo, nakiri. Kamati ikaamua ua ukatwe. Mjane akasimama mbele ya ua, akakataa.

Nikatoa grainda ya kukatia chuma kwenye mfuko wangu, nikakata bawaba huku kwaya ikishindana na kelele za mashine. Marehemu akaingia kati ya nguzo mbili tupu, lango lake likiwa limelazwa kwenye nyasi.

Baada ya mazishi mjane aliniita kando.

“Fundi, watu huja mazishi na grainda?”

Nikaisukuma grainda ndani zaidi ya mfuko.

“Ulijua itapinda.”

“Nilijua, mama.”

“Huyo shemeji yangu hakujua,” akasema polepole. “Wewe ulijua, na jana siku yote nilikuwa hapa hapa.”