Usiwe Afande wa Wanafunzi wa Bwana

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, maana siku ya harusi nilifunikwa shela nisione kitu. Siku hiyo nyingine niliona yote.

Umeniambia kwamba Jumapili kanisa litakukabidhi wanafunzi uwafundishe njia ya Bwana. Nimefurahi hadi nimesahau magoti yangu. Sasa kaa hapa karibu nikupe habari ya babu yako Kefa, mume wangu, kabla hujaanza kujiona mkubwa.

Vita vilikuwa vimekwisha, na hapa Mafubira watu walikuwa wakirudi mmoja mmoja, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Kanisa letu halikuwa na milango. Ilikuwa imegeuzwa kuni. Babu yako ndiye aliyewafundisha wanafunzi wapya, na aliipenda kazi ile kuliko chakula, na chakula alikipenda sana. Lakini kabla ya kuokoka alikuwa askari. Mafunzo aliyoyajua ni ya kambini, basi akawafundisha watu wa Yesu kama makuruti. Asubuhi na mapema, mstari! Kila mtu atoe aya yake kwa moyo. Anayesahau, aruke kichura. Na watu hawakushangaa, mwanangu. Hilo ndilo linalonisikitisha mpaka leo. Tulikuwa tumetawaliwa kwa bunduki miaka mingi, tukadhani kufundishwa ni kuamrishwa. Wengine walimwita afande, naye akaitika.

Kati yao alikuwamo kijana mmoja, Yokana. Wakati wa vita askari walimchukua wakamfungia kambini. Alitoka hai, lakini Kiswahili, lugha ya askari wale, hakukisema tena, na akisikia mtu anakisema kwa sauti kubwa, anatafuta mlango ulipo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa wiki nyingi alisikiliza ibada akiwa nje, dirishani, mpaka babu yako akatoka, akamshika mkono na kumwingiza. Alimpenda kijana yule. Nasema hivyo ili usije ukamwona babu yako mtu mbaya.

Basi siku ile niliyokutajia, Yokana akasahau aya yake. Babu yako, bila kufikiri, akapaza sauti: "Wewe! Kuja hapa!"

Yokana akaanguka chini, mikono kichwani. "Afande, samehe! Mimi hapana jua kitu! Hapana piga!"

Nilikuwa jikoni nikisonga ugali wa ulezi. Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Nilimkuta babu yako amesimama tu. Kabla ya mchana Yokana alikuwa amepanda basi kwenda Mbale kwa dada yake, kule Namatala. Aliacha neno moja kwa wenzake: "Kama Yesu naye ana afande, mimi nitakaa nje."

Neno hilo lilimchoma babu yako. Usiku hakula. Asubuhi yake, kama wanaume wengi walioumia, akageuza maumivu kuwa hasira. "Samaki mkunje angali mbichi," akaniambia. "Kijana huyu asiporudi sasa, tumempoteza." Tukapanda basi, yeye na mimi, hadi Mbale kwa Mama Nandudu, mjane aliyekuwa akiuza maharage sokoni. Huyo ndiye aliyemlea babu yako katika imani. Babu yako alitaka mama huyo akamkemee Yokana. Loo, alikwenda kutafuta kiboko cha mwenzake, akakuta chake!

Mama Nandudu alimsikiliza huku anapepeta maharage yake. Babu yako alipomaliza, mama akaweka ungo chini, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Kefa, wewe natoka jeshini, nani napokea wewe?"

"Wewe, mama."

"Mimi napanga wewe mstari?"

"Hapana, mama."

"Mimi nafanya nini?"

Babu yako akainama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama alimpa kikapu abebe, akatembea mbele yake katikati ya soko.

"Watu nataka kupiga wewe mawe, sababu wewe askari," mama yule akasema. "Mimi nakwenda mbele. Jiwe kama nakuja, napata mimi kwanza. Afande nakaa nyuma, nasema nenda. Yesu nakwenda mbele, nasema nifuate. Na huyo samaki yako, watu wengine nakunja yeye zamani, navunja. Wewe nataka kukunja nini tena?"

Mwanangu, sijawahi kuona mwanaume mwenye mabega mapana vile akilia mbele ya maharage. Nami nikalia. Nilimpenda zaidi siku ile.

Kesho yake alfajiri tulimkuta Yokana Namatala akijiandaa kwenda kubeba magunia kwenye maduka ya jumla. Alipomwona babu yako akasimama wima ukutani. Babu yako hakumwambia rudi, wala hakutaja aya. Akavua koti lake la mwalimu, akanipa mimi, akamwambia polepole kwa Kilugwere, lugha ya nyumbani kwao Yokana: "Nimekukosea. Leo unabeba wapi? Nitabeba nawe."

Akabeba kutwa nzima. Walimcheka vijana wa pale, mwalimu mzima anatetemeka chini ya gunia la mahindi. Jioni wakaketi, vumbi la unga mpaka kwenye nyusi. Yokana akamega muhogo wake, akampa babu yako nusu. Kisha akafumba macho, akaomba, na akaomba kwa Kiswahili, lugha ile ile aliyopigiwa: "Baba, sisi nachoka. Huyu pia nachoka. Wewe najua sisi wote."

Yokana alirudi Mafubira kwa wakati wake, akabatizwa, na baadaye akawafundisha wengi. Na mstari wa asubuhi ukaisha. Babu yako akawa anawachukua wanafunzi shambani, kwa wagonjwa, msibani, yeye mbele, wao nyuma, aya wakijifunza njiani.

Basi, mwanangu, shika hili. Wanaokuja kwako wametoka mahali, na hujui walikopita. Usimdai mtu utii kabla hajakuona ukitii. Jambo zito usimtume mwanafunzi peke yake; tangulia, akuone jasho. Ukikosea, na utakosea, usitafute mtu wa kumkemea aliyekukimbia. Mfuate mwenyewe, ubebe gunia lake.

Inamisha kichwa nikuwekee mkono. Bwana aliyekuita akutangulie, nawe uwatangulie wao. Akupe magoti mepesi kuliko yangu na moyo usiochoka upesi. Na utakapofika kwenye mlango wa mtu aliyeumizwa, akupe sauti ndogo. Amina.