Heshima Haijazi Upepo

Juzi hapa Kahama nilikuwa kwenye foleni kwa fundi wa matairi, nasubiri kujaza upepo. Mbele yangu kulikuwa na gari dogo la kwenda Ushirombo, limechuchumaa kwa nyuma. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama mmoja, akakienea chote. Dereva alimshushia kioo bila kumtazama usoni, nami nikajua huyo ni mama mkwe.

Fundi akamuuliza, "Umebeba nini, kaka? Upepo unafuata mzigo."

"Gunia moja la mchele."

"Na hapo nyuma?"

"Ni mama tu. Mwepesi."

Fundi akalitazama tairi lililobonyea, akamtazama dereva. Dereva akatazama viatu vyake.

"Kaka, upepo ukiwa mdogo kuliko mzigo, tairi linachemka. Litakupasukia njiani."

Ndipo sauti ikatoka kiti cha nyuma, taratibu kabisa: "Fundi, jaza wa mtu mnene. Baba Kulwa ananiheshimu, ila heshima haijazi upepo."

Dereva alijifanya kukohoa. Mimi nilicheka waziwazi. Adabu yetu ya ukweni ni nzuri, wala sitaki ife, lakini tairi halijui nani ni mkwe wa nani. Lenyewe linajua uzito tu. Mtu mzima unamfichaje fundi kitu anachokiona?

Zamu yangu ikafika.

"Na wewe, mzee, umebeba nini?"

Nikageuka. Mke wangu alikuwa ameshusha kioo, anasubiri jibu.

"Vitu vyepesi tu," nikasema.