Mzinga Usio na Alama

Nyaruai alikuwa fundi wa cherehani pale Kitale, na kama kuna kitu alichokichukia duniani, basi ni kazi chafu. Uzi ukining'inia kwenye pindo, anafumua pindo lote. Mteja akileta kitambaa chenye doa, anamtazama kama mtu aliyeingia kanisani na gambuti za matope. Miaka ishirini alishona sare za shule na vitambaa vya madhabahu, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Alijivuna, kwa nini nifiche? Alijivuna sana.

Mwezi wa saba mwaka wa 2004, mwanamke aitwaye Cherop akamjia na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Cherop alikuwa mmoja wa wale warina asali waliotolewa msituni, juu huko Mlima Elgon, wakaishia kwenye vibanda vya nailoni kando ya barabara ya Endebess.

"Mama, tunataka bendera," alisema. "Kuna kamati ya mashamba inakuja kusikiza watu Bungoma. Kila jamii itasimama chini ya bendera yake. Baba yangu ndiye atatusemea. Ni yeye peke yake amebaki anajua mipaka yetu, mto kwa mto."

Alikuwa amechora mwenyewe kwa kalamu. Akaeleza: juu kijani, ndio msitu, chini manjano, ndio asali, katikati mzinga wa kahawia, ndio sisi wenyewe. Nyaruai akauliza urefu na upana, basi. Hakuuliza kuhusu mistari mitatu mifupi kwenye mdomo wa mzinga. Alidhani kalamu iligoma, mtu akaikwaruza hapo ipate kuandika. Cherop naye hakueleza, maana kwao hata mtoto mdogo anajua mistari ile ni nini.

Basi fundi wetu akashona mzinga safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Lo, ulipendeza! Cherop aliichukua bendera ikiwa imefungwa kwa gazeti na hakuifungua, aliogopa vumbi. Siku ya kamati Nyaruai akajialika mwenyewe Bungoma, akavaa rinda la Jumapili, akaone kazi yake ikipandishwa.

Ikapandishwa kweli, kwenye mlingoti uliosimamishwa uwanjani. Watu wa jamii nyingine wakapiga makofi. Watu wa Cherop hawakupiga. Babake, Mzee Kemboi, mgonjwa wa kifua ambaye asubuhi ile alibebwa mgongoni mpaka kwenye gari, aliitazama bendera kitambo, kisha akaketi chini kwenye nyasi.

"Baba, wanatuita," Cherop akamwambia.

"Siendi."

"Baba!"

"Mzinga huo hauna alama ya ukoo. Mzinga bila alama ni wa yeyote anayeukuta. Nikisimama chini yake nitakuwa nimesema nini? Ati msitu si wetu, chukueni tu?"

Nyaruai alikuwa hatua mbili nyuma yao, akasikia yote. Ile mikwaruzo! Akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye kola, akapiga magoti mbele ya mzee.

"Mzee, ni mimi nimekosa. Waishushe, nitatia hiyo mistari sasa hivi."

Kemboi akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Alama inakatwa na mwenye mzinga, mama, kabla haujapanda mtini. Ukishapanda bila alama, umeshapotea."

Karani wa kamati akaita mara ya tatu. Cherop alitaka kusimama, lakini wazee wakamshika mkono: mipaka hakuijua, na chini ya bendera ile angesema nini? Ikaitwa jamii iliyofuata.

Wiki nzima Nyaruai hakugusa cherehani. Halafu akapiga moyo konde, akafunga duka na kurudi Bungoma kwenye ofisi ya kamati. Karani yule yule, mwanamume mwenye miwani, alimsikiliza huku akijikuna sikio.

"Sasa mama, unataka niandike nini? Ati fundi alisahau mistari?"

"Andika mzee atakuja tena. Nitamleta mimi mwenyewe."

"Ripoti imeshaenda Nairobi. Imeandikwa jamii hiyo haikuwa na dai."

"Lakini huo ni uongo bana!"

"Waliitwa mara tatu. Si hata wewe ulikuwepo?"

Alikuwepo, ndiyo. Angebisha vipi? Akatoka, akaelekea moja kwa moja kwenye vibanda vya barabara ya Endebess, na njia nzima alikuwa akitunga uongo wa kumwambia mzee: kwamba wamekubali, kwamba watamwita, kwamba apone kwanza. Alipoinama kuingia kibandani akamkuta Kemboi amelazwa, mbavu zinahesabika, Cherop anamnywesha uji. Uongo wote akauacha mlangoni. "Nimetoka kwa kamati," akasema.

"Wameandika dai letu?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Wameandika hamkuwa na dai."

Cherop akaweka kikombe chini, akatoka nje. Mzee akakohoa kwa muda mrefu, Nyaruai akimshika mgongo, machozi yakimtiririka bila kujali nani anaona.

"Usilie, mama," Kemboi akasema pumzi iliporudi. "Basi bendera yako ilisema kweli."