Bia Chungu Niliyoionja Mbele ya Wazee

Ningepewa nafasi ya kurudia siku moja tu ya kazi yangu, ningerudia ile ambayo meneja wa kambi aliniomba nionje bia mbele ya wazee wa Busawe, kijiji chetu. Ningekataa. Siku ile nilikubali, tena kwa furaha.

Niliingia kambini na cheti cha kidato cha nne na mikono iliyozoea jembe. Ilikuwa wakati ambapo kila kilima cha Tarime na Serengeti kilikuwa na mtu anayegonga mawe akitafuta dhahabu. Kampuni yetu ilikuwa ndogo: mahema sita, mashine moja ya kuchoronga miamba, na meneja Mzungu aliyekulia Kenya. Siku ya kwanza nilidhani nitabeba sampuli za mawe. Yeye alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye pipa la chuma, akanimiminia glasi.

"Onja, Mwita. Nataka ukweli, usinifurahishe."

Ilikuwa na rangi ya shaba, chungu kama mwarobaini. "Bosi, hii mmetia dawa ya malaria?"

Alicheka hadi akakaa chini. "Hiyo inaitwa ai-pi-ei. Napika mwenyewe. Kuanzia leo wewe ndiye mwonjaji wangu."

Ai-pi-ei ni bia inayotiwa hopsi nyingi, yaani maua makavu ya mmea unaotambaa, yanayoleta uchungu na harufu. Kwanza unasukutua mdomo kwa maji. Unanusa mara mbili, kwa kifupi, kabla povu halijazama. Hopsi nzuri hunukia ganda la chungwa na utomvu wa msonobari. Kisha unameza, huitemi, kwa sababu uchungu wake hufika mwisho, nyuma ya ulimi. Chini yake lazima ukute kimea, ule utamu wa nafaka. Makosa nayo yana harufu zake. Ikinuka samli, hamira haikupewa muda. Ikinuka boksi lililolowa, hewa imeingia. Ikinuka kicheche, chupa ilikaa juani. Baada ya mwaka mmoja meneja hakuweka pipa mezani bila neno langu.

Kisha kampuni ikataka kuchimba mitaro ya utafiti kwenye malisho ya baba yangu na majirani zake, kando ya mto. Meneja aliahidi kuifukia kabla ya masika. Wazee wakakubali kumsikiliza, naye akaleta pipa. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, na neno linalokubaliwa kwenye pombe hiyo, yeye ndiye huwajibika likivunjwa. Meneja alilijua hilo. Nilimweleza mwenyewe.

"Onja wewe," aliniambia asubuhi ile. "Wewe ndiye fundi."

Nilitaka baba anione nikifanya kazi niliyoijua kuliko mtu yeyote wilayani. Nikanusa, nikameza, nikasema, "Iko sawa."

Mzee mmoja akaonja, akakunja uso. "Hii ni ya kunywa au ya kuogeshea ng'ombe?"

Wote wakacheka isipokuwa baba. Alikuwa ameshika glasi bila kuinywa.

"Mura," aliniita, yaani kijana wangu, "mwenye pombe hii ni wewe?"

Meneja alisimama pembeni yangu. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole.

"Ni mimi, baba."

Akanywa yote.

Mitaro ikachimbwa, dhahabu ya kutosha haikupatikana, kambi ikafungwa. Meneja aliniachia barua ya kunisifu, nayo ikanipatia kazi katika kiwanda kidogo cha bia Mwanza. Masika yalikuja mitaro ikiwa wazi. Maksai wawili wa baba, wale aliolimia, walitumbukia wakavunjika miguu. Mdogo wangu Marwa alikuja kwa basi.

"Baba anasema mwenye pombe aje afukie."

"Mwambie kampuni imeshaondoka."

"Hakutaja kampuni, kaka. Alikutaja wewe."

Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na mkuu wa uonjaji alikuwa mkali. Sikwenda. Baba na Marwa waliifukia mitaro kwa majembe.

Kazi niliifanya vizuri, wala hilo silionei aibu. Nilikataa mapipa ambayo wenye digrii walikuwa wameyapitisha. Mkuu wangu wa mwisho aliwaambia vijana, "Mwita akisema hapana, mwageni." Nao walimwaga.

Nilipostaafu nilijenga nyumba Nkende, pale mjini Tarime, kisha nikaenda Busawe na chupa nne nilizopika mwenyewe, bia bora kuliko zote nilizowahi kuonja. Nilimwamkia baba, nikamimina, nikaonja kwanza. Aliitikia shikamoo yangu, akaisogeza glasi pembeni, akamwita Marwa amletee maji.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, pua na ulimi mtafundishwa. Mimi naongeza hili: ukiwaambia watu iko sawa, usiondoke.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Kwenye pombe ya kumaliza matanga aliyeonja alikuwa Marwa, ingawa mimi ndiye mkubwa. Nilisimama karibu na chungu, na hakuna aliyeniuliza kitu. Maksai wawili ningeweza kuwalipa. Baba yangu alikufa bila kupokea tena kitu cha kunywa kutoka mkononi mwangu, na hadi leo Busawe hakuna anayekunywa nilichoonja mimi.