Mafuta Yanayolika

Kiwandani walimwita Mzee Laini, na jina hilo lilikuwa na maana mbili. Kazi yake ilikuwa kulainisha mitambo, na hakuwahi kumkatalia mtu neno. Aliyeanza kumwita hivyo alikusudia maana ya kwanza. Waliofuata walikusudia ya pili. Yeye aliitikia zote.

Kilikuwa kiwanda cha mikate. Mtu anayenunua mkate dukani hafikirii mafuta ya mashine, na wenye viwanda wanapenda iwe hivyo. Lakini hakuna mkate wa kiwandani ambao haujapita juu ya chuma kinachozunguka, na chuma kikisugua chuma bila mafuta hupata moto, hulia, kisha hung'ang'aniana na kusimama. Mzee Laini alikuwa na grisi ya beringi za kinu cha kukandia, mafuta ya minyororo ya tanuri ambayo hayaungui upesi, na mafuta mazito ya giaboksi yanayonuka kama yai viza. Na kando, kwenye pipa jeupe lililosimama peke yake juu ya mbao, kulikuwa na mafuta ya mashine ya kugawa madonge.

Mashine hiyo ina kisu na pistoni. Unga uliokandwa unaingia, unakatwa, unasukumwa nje ukiwa donge la mkate mmoja. Pasipo mafuta unga hunata kwenye chuma. Basi mafuta hudondoka pale pale kisu kinapogusa unga, na kiasi kidogo sana huondoka na mkate mpaka mdomoni mwa watu. Ndiyo maana hutengenezwa safi kabisa, bila rangi, bila harufu, bila ladha. Wafanyakazi waliyaita mafuta yanayolika.

Mzee Laini alikuwa amezeeka ndani ya grisi nyeusi. Mistari ya viganja vyake ilikuwa imechorwa kwa weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Nyumbani alikuwa na kiti chake, na mkewe alikuwa na macho ya kuhakikisha kwamba hakai kingine. Walipompa pipa jeupe alijiona kama mtu aliyepandishwa cheo, ingawa hakuna aliyempandisha.

"Sasa mume wangu umekuwa mpishi," mkewe alimwambia.

"Cheka tu, mama watoto. Mafuta yangu ni safi kuliko hayo yako ya kukaangia."

Meneja ndiye aliyemtia hayo kichwani. Kila walipokuja wageni, wenye maduka makubwa au wakaguzi, Meneja aliwasimamisha mbele ya mashine ya madonge na kuita, "Mzee Laini, kikombe." Naye alikuja na kikombe cha bati, akakinga kijiko kimoja cha mafuta kutoka kwenye bomba la pipa, akanywa, akafungua mdomo kuonyesha kwamba ameshameza. Wageni walicheka. Meneja alisema, "Kama mzee huyu hajafa, mteja wenu hafi." Mafundi nyuma ya tanuri walikuwa na yao.

"Mzee, leo umekunywa ya chai au ya usiku?"

"Usimguse, atateleza."

Alicheka nao. Laiti asingecheka hata siku moja, pengine wangemwona mtu.

Binti yake alikuwa mwalimu wa darasa la watoto wadogo, na alikuwa amechumbiwa na fundi umeme, mtoto wa mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Siku ya kwanza walipokutana kama wakwe alimpa Mzee Laini mkono, kisha akautazama mkono wake mwenyewe. Haikuwa dharau kubwa. Aliutazama tu. Lakini Mzee Laini aliubeba mtazamo ule mpaka nyumbani, akaupeleka kazini, akalala nao. Wakwe walikuwa waje Jumapili kula na kupanga siku ya harusi, naye akakata shauri kwamba safari hii watakula kitu kilichotoka katika kazi ya mikono yake, kitu safi kuliko suti ya mtu yeyote.

Hakuiba. Alikwenda kwa Meneja mchana, mbele ya mafundi, chupa mkononi.

"Bosi, naomba mafuta kidogo ya pipa jeupe. Nina wageni wa heshima, mama ataka kukaanga."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. "Chukua, mzee, chukua. Si unayanywa kila siku?"

Mafundi walikuwepo wote. Fundi wa giaboksi, anayejua mafuta, aliinama juu ya spana yake huku mabega yakimtikisika. Hakuna aliyemwonya. Walijua wanachokisubiri, na walitaka kukisubiri.

Kwa sababu mafuta yale hayana sumu, lakini si chakula. Tumbo halina habari nayo. Hayasagiki, hayaingii mwilini. Yanapita kama yalivyoingia, na kwa kuwa ni laini, hayabishi hodi mlangoni. Kijiko kimoja hupotea bila mtu kujua. Sufuria nzima ni jambo lingine. Hilo hakuna aliyewahi kumweleza mtu aliyeambiwa aonje.

Jumapili mkewe alikaanga kuku na viazi. "Mbona hayanukii?" aliuliza akiinamia sufuria.

"Ndio usafi wenyewe huo."

Binti hakula, alikuwa akipakua na kuondoa vyombo. Wazazi wake walikula kidogo kama wenyeji wanavyokula, wakisukuma sahani upande wa wageni. Mwalimu Mkuu alisukumiwa zaidi ya wote, akapokea. Alirudia, kisha akarudia tena. Alilamba vidole.

"Mkwe," alisema, "kuku huyu ni mwepesi. Hajanikaa kifuani hata kidogo."

Mzee Laini alitabasamu, akatazama viganja vyake. Waliagana wakiwa wamepanga tarehe ya harusi.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya shule nzima, wanafunzi wamepangwa mistari, walimu pembeni, binti wa Mzee Laini akiwa mbele ya darasa lake la wadogo. Alikuwa akizungumza juu ya unadhifu. Aligeuka kumwonyesha mwanafunzi aliyechomoa shati, na shule nzima ikaona nyuma ya suti ya kijivu. Doa lilikuwa pana, linang'aa, na lilikuwa likishuka mguuni. Yeye hakuhisi kitu. Aliendelea.

Mtoto mmoja wa mstari wa mbele, wa darasa la binti yule, aliuliza kwa sauti ya kutaka kujua kweli, "Teacha, mbona Mwalimu Mkuu anavuja?"

Kufikia saa ya mapumziko walishampa jina. Walimwita Lori.

Binti alimfuata baba yake kiwandani jioni ile ile, akamngoja getini.

"Baba, mama naye amekaa juu ya gunia tangu asubuhi. Ulituletea mafuta gani?"

"Yale meupe, mwanangu. Yale ninayokunywa."

"Nenda ukamwambie hivyo. Mweleze kama unavyonieleza mimi. Ni mtu mwenye hasira, lakini anasikia."

Angekwenda usiku ule, mambo yangekuwa mengine. Lakini maneno yalimtangulia. Mji ulikuwa unasema kwamba Mwalimu Mkuu ameharibiwa tumbo na mafuta ya kiwanda cha mikate, na wenye maduka walianza kupiga simu. Meneja alimwita arudi ofisini jioni ile ile, kabla hajavua ovaroli.

"Mzee, umetuibia mafuta."

"Bosi, niliomba. Ulisema chukua."

"Uliomba, nikacheka. Kucheka ni ruhusa?" Meneja aliongea polepole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Watu wakisikia ni mafuta ya madonge, hakuna atakayenunua mkate. Nitalazimika kukupeleka polisi ili waone kwamba si sisi. Binti wa mtu aliyefungwa anaolewa na nani? Lakini ipo njia. Twende kwa mkwe wako, mimi na wewe. Utamwambia ulikosea, ulichukua ya giaboksi. Uliteleza, basi. Ukimwangukia mtu mzima kwa unyenyekevu, atakataa kukusamehe? Harusi inabaki, kazi inabaki."

Mzee Laini alitazama sakafu. "Bosi, hata mtoto hawezi kuchanganya hayo. Ya giaboksi ni meusi. Yananuka."

"Basi utasema ulikuwa gizani."

Wapo watu wanaosema mnyonge hukubali kwa sababu ni mjinga. Huyu hakuwa mjinga. Alikuwa ameelezwa maisha yake yote kwamba kukubali ndiyo kazi, na sasa mtu mwenye kiti alikuwa akimwonyesha mlango na kumwambia nyuma yake kuna harusi ya mtoto wake.

Walikwenda kesho yake jioni. Mwalimu Mkuu aliwapokea sebuleni, mtoto wake wa kiume pembeni. Binti naye alikuwepo. Alikuwa amefika mapema kumwombea baba yake, na kwa uso wa Mwalimu Mkuu ilionekana amefanya kazi nzuri.

"Karibuni. Mkwe, kaa," Mwalimu Mkuu alisema. "Binti yako ameshanieleza. Sitaficha, nimefedheheka. Kuna vitoto vya darasa la kwanza vinaniita Lori. Lakini anasema ni mafuta safi yale ya mikate, kwamba wewe mwenyewe unapewa uyanywe, na hukujua yakizidi yanafanya nini. Kama ni hivyo, hiyo ni bahati mbaya, na wa kulaumiwa ni waliokuambia yanalika. Ndivyo ilivyokuwa?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kusema ndiyo.

Meneja aliweka mkono juu ya bega la Mzee Laini, taratibu, kama rafiki. "Mwambie mzee mwenzako, usiogope."

"Sivyo," Mzee Laini alisema. "Ni ya giaboksi. Nilichanganya. Kulikuwa na giza."

Fundi umeme alimtazama mchumba wake. Binti alisimama.

"Baba, wewe hata ukifungwa macho unajua mafuta kwa kunusa. Ulituchezesha sisi watoto, unatupaka kwenye pua utuulize. Mama aliyanusa siku ile akasema hayanuki. Yananukaje ya giaboksi, baba?"

"Nilichanganya, mwanangu."

"Yananukaje?"

Mzee Laini alitazama viganja vyake. Meneja alijibu badala yake, kwa huzuni iliyopimwa vizuri. Alisema kiwanda kinasikitika, mzee ametumika muda mrefu, macho hayako kama zamani, na mafuta yanayogusa mkate hayahusiki hata tone, mwenyewe amekiri. Mwalimu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia aliyekuwa karibu kuwa mkwe wake.

"Bahati mbaya ningeimeza. Lakini mtu anayechota uchafu wa mashine, akaupika, akanikaribisha, akanitazama nikilamba vidole? Na kama hukufanya hivyo, basi unanidanganya nyumbani kwangu, mbele ya mtoto wako. Chagua lipi nikuite."

"Lolote, mwalimu," alisema Mzee Laini, na alimaanisha, kwa sababu alidhani huo ndio unyenyekevu alioambiwa.

Posa ilivunjwa wiki ile. Fundi umeme alikuja kuaga, akasimama uani akichezea funguo, akasema baba yake amekataa katakata na yeye hana la kufanya. Binti alimwambia, "Nenda, na wewe umefanana na baba yangu." Shuleni aliomba ahamishiwe kwingine, kwa sababu watoto walikuwa wakimuuliza bila ubaya wowote kama na yeye anavuja. Nyumbani alimsalimia baba yake asubuhi na jioni kama adabu inavyotaka. Zaidi ya salamu hakumwongezea neno.

Kazi ilibaki. Hilo Meneja alilitimiza.

Mwezi haujaisha wakaja wageni wengine, wanunuzi wa jumla, mmoja wao mwenye tumbo la kucheka. Meneja aliwasimamisha mbele ya mashine ya madonge.

"Mzee Laini, kikombe."

Alikuja nacho. Alikinga kijiko kimoja, akanywa, akafungua mdomo.

"Ah, kijiko?" yule mwenye tumbo alisema. "Kijiko hata mimi nanywa. Nasikia hapa mjini kuna mtu yalimvuja."

"Yale yalikuwa ya giaboksi," Meneja alisema. "Muulize huyu, ndiye aliyekosea."

"Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli."

"Basi anywe kikombe kizima tuone."

Mafundi walikuwa wamesimama. Fundi wa giaboksi alitazama spana yake, na safari hii mabega hayakutikisika. Meneja alitazama saa, akasema, "Mjazie."

Mzee Laini alijijazia mwenyewe. Alikunywa mpaka chini, akakiinamisha kikombe kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki. Wageni walipiga makofi.

Asubuhi iliyofuata mkewe alikuwa ametandika gunia juu ya kiti chake bila kuambiwa. Mzee Laini alikaa. Binti alitoka chumbani na mkoba wa kazi begani, akaona gunia, akamwona baba yake akitazama pembeni, akaelewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alifika mlangoni, akageuka. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu siku ile sebuleni akamwongezea neno.

"Ni ya giaboksi?"