Neema Alivyomwonea Wivu Dada Rehema

Hamadi, acha kuwaambia watu eti dawa ya nywele iliniingia machoni. Hakukuwa na dawa. Nililia kwa akili zangu timamu, saluni, mchana kweupe, mimi mlinzi mzima na yunifomu yangu na rungu kiunoni. Aibu ninayo, ila kama unasimulia, simulia yote.

Chanzo ni jina tu. Nilikuwa naandika hadithi ya mapenzi kwenye daftari (hakuna aliyenifundisha, ukilinda geti la watu mtaani Kensington kwa saa kumi na mbili mfululizo utaandika tu), na humo kuna jamaa anaitwa Zuberi, kifua hiki, mtaa mzima unamwogopa, lakini akifika kwa mpenzi wake anavua viatu anasema, "Leo amri ni yako, mimi nimechoka kuwa mkubwa." Yule dada anaamua: kaa, nyamaza, lete kichwa hapa. Na Zuberi anatii, na anapenda! Sasa mwanaume mzima niweke jina langu pale? Nikaandika kwenye jalada: Dada Rehema. Neema, mchumba wangu, Mkongo wa Uvira anayesuka kwa Mama Chantal pale Bertrams ukipita robot, zile taa za barabarani, nikamwambia kuna dada jirani na kazini ndiye anayeandika, ananiazima daftari lake.

Eish, saluni ikapagawa. Kila wiki wanataka daftari, mmoja anasoma, wengine wanasukwa.

Jumamosi hiyo nimetoka zamu, nampelekea Neema chakula, Hamadi yuko nyuma yangu. Naingia. Neema kashika chanuo kama kisu.

"Huyu Dada Rehema, amejuaje?"

"Amejuaje nini?"

"Zuberi anaogopa lifti." (Tunakaa ghorofa ya nane Joubert Park, mimi napanda ngazi, nasema ni mazoezi.) "Zuberi akikasirika anafua soksi. Zuberi hapati usingizi mpaka ashike sikio langu… la mpenzi wake! Sasa niambie, papa, weye na huyu mwanamke munalala wapi?"

Hasira zangu mnazijua. Badala ya kujibu swali nikapandisha sauti, nikasema Rehema ni mtu wa heshima, asiguswe, asitukanwe mbele yangu (ona ujinga huo, napigania mtu ambaye hayupo duniani).

"Anamutetea!" Mama Chantal akapiga kofi pajani. "Mbele ya mutoto wa watu, anamutetea!"

Neema akavua pete, akaidondosha kwenye kikopo cha shanga za kusukia. Ilivyolia ile kli, siri ikanitoka.

"Rehema ni mimi," nikasema.

Hamadi akauliza, "Wewe ni nani?"

"Ni mimi! Lifti ni yangu, soksi ni zangu, yote ni mimi!"

Wanawake wakaangua kicheko, Hamadi akakaa chini kabisa, sakafuni. Neema peke yake hakucheka.

"Muongo. Kama ni weye, sema mwisho wake, ule hatujasoma."

Mwisho nilikuwa sijauandika, nilikuwa nauogopa. Nikapiga magoti juu ya manywele ya watu, nikataka kusema Zuberi anamwambia "nikuoe", ulimi ukateleza mbele ya watu kumi: "Nioe."

Saluni ikalipuka. "Mwanaume anaolewa!" Na huyu Hamadi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo mahari tunapokea sisi?"

Hapo ndipo nilipolia. Siyo kwa kucheka kwao. Nililia kwa sababu ulimi haukukosea.

Neema akaingiza mkono kwenye kikopo, akatafuta, akatafuta, akaitoa pete, akaivaa. Nikaanza kuinuka.

"Nani amesema usimame? Baki hapo. Nitakwambia."

Akarudi kumalizia kichwa cha mteja, rasta ndogondogo zile, mnazijua zinavyochukua muda, na kila akipita ananishika sikio kidogo, anaendelea na kazi. Nikabaki.

Kujificha nyuma ya jina la dada wa watu, sirudii tena, daftari jipya lina jina langu, la baba na la babu. Na wewe unayecheka hapo, ungebaki magotini, au ungeondoka bila Neema?